Miaka Miwili Ndani ya Jina Lako

Dada Ruth,

Barua tulizofundishwa kuandika zilianza hivi: mimi ni mzima, hofu ni juu yako. Leo mambo yamegeuka. Juu yako hakuna hofu tena, na mimi si mzima hata kidogo. Nimekaa kizingitini mwa chumba chetu hapa Kangemi, ni Jumapili mchana, daftari liko magotini, na ndani kuna mtoto mchanga anayelia. Ni mdogo wetu. Mama alijifungua msichana majuma matatu yaliyopita. Hiyo ndiyo habari ya kwanza ambayo huna.

Ya pili ni kwamba wewe uko kidato cha pili.

Usinikunjie uso. Ndivyo rejista inavyosema. Kila asubuhi mwalimu wa darasa huita, "Ruth Nekesa," na mimi Nafula, mdogo wako, yule uliyekuwa ukimfinya kanisani ili asisinzie, nasimama na kuitika. Ni karibu miaka miwili sasa. Nakuandikia kwa sababu leo nimefanya jambo ambalo siwezi kulirudisha nyuma, na hakuna mwingine ninayeweza kumweleza.

Ngoja nianze mwanzo. Hukupenda mtu anayerukaruka katika hadithi.

Desemba ile tulipanda basi kwenda nyumbani magharibi, wewe ukiwa dirishani kwa sababu ulidai mkubwa ndiye hukaa dirishani. Tulikuwa tumemaliza mtihani wa darasa la saba mwezi mmoja tu kabla ya hapo. Ulinizidi mwaka na nusu, lakini tulikuwa darasa moja. Baba alikuchelewesha kuanza ili twende shule pamoja na unilinde njiani. Ulinilinda hata katika mtihani. Ulimaliza hesabu mapema, ukageuka ukanitazama kwa macho yale ya "anza na la pili, ni rahisi," na mimi nikakutolea ulimi. Mungu anisamehe. Majuma yote ya kujiandaa ulitaka tusome pamoja kwa taa moja, nami nikakwambia ukiendelea kunifundisha nitakupiga na sufuria.

Malaria ilikuchukua kwa siku nne. Siku ya tatu ulikuwa bado unaongea. Ulisema, "Matokeo yakitoka, usinipe yangu kwanza. Nipe yako." Basi pokea, ingawa nimechelewa: nilifeli. Si kufeli kwa kuaibisha ukoo, lakini hakuna shule iliyoniita.

Wewe uliitwa.

Baba alileta barua ile Januari, tukiwa tumerudi Nairobi, bado tunaishi Kawangware. Unajua kazi yake ya utarishi, kutwa nzima anapanda na kushuka ngazi za maofisi ya mjini akipeleka bahasha za watu wengine. Safari hii bahasha ilikuwa yetu. Mwalimu mkuu wetu wa zamani alimpa huku akimpongeza, kwa maana hatukuwa tumemwambia mtu yeyote huku kwamba tulikuzika. Baba aliiweka mezani, akaisoma mara tatu, kisha akaniangalia mimi. Nilijua kabla hajafungua mdomo.

"Nafasi hii ikipotea," akasema, "Ruth atakuwa amekufa mara mbili."

Mama alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinua kichwa. "Na Nafula? Yeye anakufa mara ngapi?"

Baba aliirudisha barua katika bahasha. Mwezi uleule tukahamia Kangemi, kwenye ploti, ua wa vyumba vya kupanga, ambako hakuna aliyetujua, na majirani wakaambiwa binti wa chumba hiki anaitwa Ruth. Baba akaamuru niitwe hivyo hata tukiwa wenyewe mlango umefungwa, maana ulimi hauna mfupa, siku moja utateleza mbele ya watu. Alilitamka jina lako kwa sauti kubwa, asubuhi na jioni, kama mtu anayepigilia msumari.

Nataka kumlaumu, na ninamlaumu. Lakini sikiliza na upande wangu. Siku ya kuripoti, mwalimu mkuu, mama mmoja mrefu mwenye sauti ya upole, aliniuliza, "Wewe ndiye Ruth Nekesa?" Nilingoja Baba ajibu. Baba alikuwa anaizungusha kofia yake mikononi. Nikajibu mimi: "Ndiye mimi." Hakuna aliyenilazimisha. Niliitaka ile shule, Ruth. Niliitaka sketi ya kijani na sweta, nilitaka chumba kile chenye chupa za kemia, nilitaka kupita mbele ya wasichana wa ploti nikiwa na vitabu kifuani. Nilikuwa nimekulilia mwezi mzima mpaka macho yakavimba, na bado niliitaka.

Sasa ona dhambi inavyojua kuchekesha. Katika karatasi zako iliandikwa kwamba ulikuwa wa kwanza kwa hesabu. Juma la kwanza mwalimu wa hesabu akaniita ubaoni ili darasa lione bingwa. Nilisimama pale na chaki kama gogo. Akasema mbele ya wote, "Mtihani ulifanya mwenyewe, ama ulimwangalia jirani?" Wasichana wakacheka. Mimi kuitwa mjinga nimezoea, jina hilo nilizaliwa nalo. Lakini wewe kuitwa mwizi, hilo lilinichoma. Siku hiyo nilianza kusoma. Nilisoma kama ulivyokuwa ukisoma wewe, penseli mdomoni, nikianza na swali rahisi. Sasa mimi ni wa tatu darasani. Mwisho wa mwaka jana nilipewa kamusi, na jalada lina jina lako kwa wino mzuri wa mwalimu mkuu. Kila nikipanda, unapanda wewe. Nafula bado ni yule aliyefeli.

Hata mwili wangu haukunibakia. Wewe ulitangulia kuwa msichana mkubwa, ukanionyesha kitambaa kinavyokunjwa, ukaniambia siku yangu ikifika nikuite hata kama tumegombana. Ilifika nikiwa shuleni. Muuguzi wa shule aliandika katika kitabu chake kwamba Ruth Nekesa ameanza hedhi. Nilijifungia chooni nikalia mpaka kengele ikalia, na sikuwa na maumivu yoyote. Nilikuwa nakuita, dada, na kila nikikuita nilikuwa najiita mwenyewe.

Nina rafiki. Anaitwa Wanjiru, wa kutoka Mutuini, kwao wana shamba na ng'ombe wawili na kila Jumatatu huniletea mapera. Ana mdomo kama wangu, ungempenda. Husema, "Wee Ruth, mimi siwezi kukuficha kitu, na wewe huwezi kunificha kitu, bana." Mara nyingi nimefungua kinywa nimwambie. Kisha nawaza: anayempenda ni Ruth. Nafula hajamwona hata siku moja.

Na Mama. Tangu barua ile hajaniita jina lolote. Alikuwa akienda kufua nguo katika nyumba moja kule Muthangari, na kwa kuwa njia ya shule inapita hapo, tuliongozana kila asubuhi. Tuliteremka bondeni, tukavuka mto, tukapanda upande wa pili penye nyumba kubwa za ua. "Wewe, shika hapa." "Wewe, kuna matope." Tukifika langoni kwa mwajiri wake aliniwekea mkono kichwani, akaingia. Sikumwuliza kwa nini hanitaji jina. Niliogopa angenijibu.

Mtoto alipozaliwa alikuwa mzima, mwenye nywele nyingi kama zako. Juma la pili akaanza kulia. Si kile kilio cha njaa. Analia mpaka anageuka rangi, anachoka, anasinzia kidogo, anaanza upya. Tulimpeleka zahanati, tukaambiwa ni tumbo la kawaida la watoto wachanga, litapita. Mwalimu wetu wa sayansi angesema vilevile. Mimi pia ningesema hivyo, kama nisingekuwa najua desturi yetu sawasawa na unavyoijua wewe: jina la aliyetangulia hupewa anayezaliwa, ndiyo njia yake ya kurudi nyumbani. Mtoto akilia bila sababu, wazee huketi naye wakayataja majina ya marehemu moja baada ya jingine. Pale anaponyamaza, mwenye jina amejitambulisha.

Jumatano Kukhu akaja. Ndiyo, mama yake Baba, kwa basi la kutoka nyumbani, na unga wa wimbi na mikungu ya ndizi kana kwamba Nairobi hakuna chakula. Baba alimpokea kituoni; Kukhu alikuwa bado mlangoni, hajakaa, anafungua leso mabegani, mtoto wa jirani akapiga kelele kutoka bombani: "Ruth! Mamako anakuita, kuja haraka!"

"Naam!" nikaitika. Miaka miwili, Ruth. Mdomo uliitika wenyewe.

Kukhu aliacha leso ikaanguka. "Nani ameitwa hapo?"

Mama aliingia kutoka bombani, mtoto mgongoni.

"Nauliza. Mimi ndiye nilimwosha Ruth na hii mikono yangu. Nani ameitika?"

Baba akaeleza yote, ile barua, ile nafasi, ile shule. Alieleza akiwa amesimama, mtu mzima na mvi zake, kama mwanafunzi aliyechelewa. Kukhu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Jina si koti, mwanangu, eti mwenyewe akifa mwingine avae." Akamwomba Mama mtoto, na hakulizungumza tena siku hiyo.

Alhamisi asubuhi alikaa na mtoto juu ya kitanda akaanza kuita. Alimwita mama yake mwenyewe. Akawaita shangazi za Baba, mabibi wa upande wa Mama, wengine hata sijawahi kuwasikia. Kila jina alilitaja taratibu, akangoja. Mtoto akalia juu ya kila jina. Mwisho Kukhu akapangusa uso wa mtoto kwa ncha ya leso.

"Limebaki moja," akasema. "Msichana aliyekufa bila kuolewa, kwa kawaida sisi hatumwiti. Lakini huyu naona anabisha mlango mwenyewe, na mlango umefungwa, mtu yuko ndani. Mimi siwezi kumpa mtoto jina la mtu aliye hai, amekaa hapo kitini. Mwenye nalo alitoe mwenyewe. Sitamnyang'anya."

Hakuniangalia mimi. Mama ndiye aliyeniangalia.

Sikulitoa. Nilichukua vitabu nikaenda shule, nikaitika jina lako, nikafanya majaribio ya jiografia. Nilikuwa nafikiri haraka haraka. Nikisema ndani ya chumba hiki kwamba Ruth ni huyu mtoto, nitawezaje kesho yake kusimama darasani na kusema Ruth ni mimi? Nyumba moja haina midomo miwili. Na mwalimu mkuu akijua, ni nani atakayemwacha msichana aliyeingia kwa cheti cha marehemu? Mambo yangu yote yangekwisha kwa neno moja. Jumatatu ijayo ningekuwa natwanga kisamvu na kungoja kuolewa.

Ijumaa mtoto alikataa kunyonya. Sauti yake ilikuwa imekwaruza, unasikia pumzi tu. Nilisimama juu yake nikatamani afe.

Nimeliandika, na sitalifuta. Nilifikiri: akifa, jina litabaki kwangu. Nilifikiri hivyo kwa utulivu kabisa, nikiwa na mkebe wa hesabu mkononi. Kisha nikatoka nje nikatapika kando ya mtaro. Sikuwa Ruth wakati ule, wewe usingewaza hivyo hata usingizini. Sikuwa Nafula pia, kwa maana Nafula alikuwa mvivu na mwenye mdomo mchafu, lakini watoto aliwapenda. Sijui alikuwa nani yule. Ndiye ninayemwogopa mpaka sasa.

Jana Baba aliniita kando, karibu na bomba. Macho yake yalikuwa mekundu. "Usisikize mambo ya kizee," aliniambia. "Mtoto ataacha kulia. Wewe soma tu. Nimebaki na msomi mmoja." Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Ghafla niliona kwamba Baba hakuniibia jina langu kwa ajili ya shule peke yake. Wewe ulikuwa wake. Alikuchelewesha shule kwa ajili yangu, halafu ukafa kabla hajakulipa kwa wema wowote. Alipokuwa akiniita Ruth asubuhi na jioni, alikuwa anakataa kukufukia. Mazishini hakutoa chozi hata moja, unajua? Watu walisema ana moyo wa jiwe.

Leo tumerudi kutoka kanisani tukamkuta Mama amesinzia ameketi, na mtoto magotini anakoroma kilio. Kukhu alimwinua, akanisogezea. Mikono yangu ilimpokea. Ni mwepesi, dada. Nilimbeba mpaka dirishani, nikasema: "Mimi ni Nafula. Ruth Nekesa alikufa Desemba, tukamzika kando ya babu. Huyu ndiye Ruth."

Ningependa kukuambia kwamba alinyamaza palepale. Hakunyamaza. Bado analia hata ninapoandika, ingawa amenyonya, mara mbili, na Kukhu anasema mgeni akifika lazima kwanza ahangaike ndipo apumzike. Mimi sijui. Inawezekana ni tumbo tu.

Aliyebadilika ni Baba. Alikaa kitandani na viatu vyake vya kanisani, akalia kwa sauti, Ruth, akikuita kwa jina lako lote, kama mtu aliyeletewa simu ya kifo asubuhi hii. Majirani walikuja mlangoni. Kukhu akawarudisha. Mama alikuwa ameamka. Akasema, "Nafula, mletee baba yako maji." Sikusogea. Akarudia, "Nafula." Ndipo nikajua ni mimi ninayeitwa. Miaka miwili nilikuwa nikiungoja mdomo wake useme hivyo, na uliposema nilisimama tu pale nikitafuta ni nani.

Kesho ni Jumatatu. Nitavaa sketi ya kijani kwa sababu sina nguo nyingine nzuri, nitavuka bonde, na kabla ya rejista nitabisha mlango wa mwalimu mkuu. Baba amesema atakwenda nami. Amesema safari hii atajibu yeye, na nimemwambia hapana, nilidanganya kwa mdomo wangu na nitasema kwa mdomo wangu. Tutasimama wawili. Naogopa, dada. Wanaweza kunifukuza mbele ya shule nzima. Wanaweza kumwita Baba mwizi, naye akakosa hata kazi yake ya bahasha. Wanjiru atakuja na mapera yake asijue ampe nani. Nimejaribu kutafuta mlango mwingine katika jambo hili tangu Alhamisi, na sikuuona.

Lakini nakuahidi mambo mawili, na wewe unajua ahadi zangu za zamani zilikuwa za uongo, kwa hiyo ziangalie hizi vizuri. Wakinitoa, nitaomba kurudi darasa la saba, nikae na watoto wadogo, magoti yakigonga dawati, nifanye ule mtihani kwa jina langu. Shule zote zikinikataa, nitafua nguo na Mama kule Muthangari na hesabu nitazifanya juu ya beseni. Ulichonifundisha hakimo katika cheti. Na ya pili: huyu mtoto hatasikia kamwe kwamba niliwahi kutamani afe, ila nitamlea kama mtu anayedaiwa naye kila siku.

Kukhu anarudi nyumbani Jumanne. Nitampa barua hii aifukie kwa vidole pale kichwani pa kaburi lako. Hajui kusoma, kwa hiyo siri zangu ziko salama, na wewe pia hukuwa msema ovyo.

Nimekuita Ruth mara nyingi katika kurasa hizi, makusudi, kwa sababu ndizo za mwisho. Kuanzia leo jina hilo likitajwa chumbani mwetu, sote tutamtazama mtoto. Wewe nitakuita dada tu. Lala, dada yangu. Nisamehe kwa ulimi, kwa sufuria, na kwa miaka miwili. Naingia ndani nimbebe, maana Mama amechoka, na kwa huyu anayelia, dada ni mimi.

Nafula